Maandishi kwenye Ukuta wa Stoo ya Mama

Kwa nyinyi mliokuta kibanda changu kimefungwa siku sita mkaanza kusema nimetoroka na rangi za watu, naandika haya mara moja ili nisiyarudie kwa kila mteja. Sikutoroka. Nilikuwa natafuta mtu wa kunisomea ukuta. Barasa amewasimulia nusu ya safari, na hiyo nusu ameitia chumvi mpaka imekuwa chungu, kwa hiyo afadhali mnisikilize mimi.

Rhonda hadi Elburgon

Mama alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa hapa mtaani Rhonda, Nakuru, juu ya ngazi namalizia neno BUCHA. Mama yangu si mtu wa kupiga simu. Yeye hubip, nami ndiye humpigia. Siku hiyo aliacha ikalia mpaka nikaishika kwa mkono wenye rangi nyekundu.

"Kamau, wameandika."

"Nani ameandika? Wameandika nini?"

"Sijui, haisomeki. Iko kwa ukuta ya stoo. Na kwa hii laini yote ya nyumba ni kwangu tu."

Nikashuka ngazi. Wale ambao hamkukulia upande wa Molo mnaweza kucheka, mtu mzima kuogopa ukuta. Sisi tuliokuwa huko mwaka ule wa fujo za uchaguzi tunajua kwamba moto haukutangulia. Zilitangulia karatasi zilizorushwa ndani ya boma, zikafuata alama kwenye milango, mlango wako na si wa jirani, halafu ndipo moto ukaja. Nyumba yetu iliungua na mahindi yakiwa ndani. Mama akakaa kwenye hema kambini, akarudi, akajenga tena kwa mikono yake na ya wanawake wenzake wa chama cha kuchangishana. Sasa kura nyingine inakaribia, na mtu amemwandikia ukuta.

"Jumamosi yule bwana wa mjini anakuja na karatasi za kununua shamba," akaniambia. "Amenisumbua sana, sasa nimemwambia akuje. Sitangoja mara ya pili."

Nilimsihi asubiri nijue kwanza kilichoandikwa. Akasema nina mpaka Jumamosi saa nne, kisha akakata ili asimalize salio.

Barasa, jirani yangu wa ploti, huendesha lori la viazi, na Jumatano alikuwa anapanda Molo likiwa tupu. Alinipa kiti cha mbele kwa sharti nisimkatize akisimulia. Nilibeba begi la brashi, mkebe mdogo wa rangi nyeusi na karatasi ya manila, maana fundi haachi vyombo vyake nyuma. Kutoka mjini hadi Njoro si mwendo, lakini Barasa ana rafiki kila kona na kila rafiki ana ujumbe. Tulisimama kumpelekea mtu spana. Tukasimama tena mama mmoja akatupa kuku wa kumfikishia dada yake, na kuku huyo akanikalia miguuni njia nzima akinidonoa kamba za viatu. Saa tano ndiyo kwanza tulikuwa Njoro tukila mahindi choma, na hadithi ya Barasa kuhusu mjomba wake wa Kakamega haijafika katikati.

Elburgon tulisimama penye akina mama wanaoosha karoti kando ya barabara. Nilishuka kunyoosha magoti, begi begani, mkebe mkononi. Mara nikaona wameacha kuosha. Mmoja mnene, mikono imelowa hadi viwiko, akanijia.

"Wewe ndio wa kupiga X?"

"X gani, mathe?"

"Usituchezee. Mlisema mtakuja kupiga X kwa vibanda ndio vibomolewe juu ya barabara. Umebeba rangi ya nini?"

Kabla sijajibu, mwenzake alishaninyang'anya mkebe na kuuketia. Kila nilipoeleza kwamba mimi ni mwandishi wa mabango, walizidi kukasirika, kwa sababu X nayo huandikwa na mwandishi. Barasa alikuwa anacheka kwa mbali, mdomo umejaa karoti. Alipochoka kucheka ndipo akaja kunidhamini, na nikarudishiwa mkebe baada ya kumwandikia yule mnene jina lake juu ya ubao wa kibanda. Sikuwakasirikia hata kidogo. Mama yangu angeuketia mkebe huo vilevile.

Elburgon hadi kwa Mama

Barasa aliniacha mwisho wa laini. Hakushuka kwenye lori kwa sababu ya Simba, mbwa wa Mama, ambaye humkubali mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo si mimi. Mama alikuja akamshika shingoni, ndipo nikaingia.

Picha za ukutani zilikuwa zimeshushwa. Sufuria zilikuwa ndani ya magunia, na magunia yamefungwa kwa kamba. Hakuniambia hata habari ya safari, alinipeleka moja kwa moja nyuma ya stoo.

Ilikuwa mistari mitatu ya makaa kwenye saruji, kimo cha kifua. Herufi zilikuwa na miguu: nyingine mguu mmoja, nyingine miwili, nyingine mitatu, na nyingine zimebeba kijipete begani. Sijawahi kuona mwandiko kama ule, lakini mkono mzuri naujua nikiuona. Mistari haikupanda wala kushuka, na hakuna herufi iliyopitiwa makaa mara ya pili.

"Mama, mtu wa vitisho huandika haraka, tena hukandamiza," nikamwambia. "Huyu alitulia. Hakuwa na haraka."

"Hata yule wa petroli hakuwa na haraka," Mama akajibu.

Tuliingia jikoni, akanipa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Viazi vya Mama unaweza kuvila bila chumvi ukavisifu.

Mzee Kirui, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuja kunisalimia. Yeye ni wa kabila lile jingine, la waliobaki mwaka ule sisi tulipofukuzwa, na tangu Mama arudi wameishi kwa salamu nzuri, wakiazimana jembe na kupelekeana maziwa. Habari za mwaka ule hazijawahi kuzungumzwa kati yao. Alivua kofia, akaketi, akapewa kikombe.

"Nimeangalia hiyo maneno kutoka jana," akasema. "Mimi naona ni serikali ama ni shetani. Na hao wawili hakuna siku wameandikia mtu kitu mzuri."

"Wangeandikia kila mtu, ningesema ni wazimu tu," Mama akasema, akiendelea kufunga gunia. "Lakini ni mimi peke yangu, Kirui. Tena mimi peke yangu."

Mzee aliangalia kofia yake. Akanyanyuka, akaaga, na chai yake ikabaki nusu.

Nilijaribu kupiga picha kwa simu, lakini ukungu ulikuwa umeshuka na kioo changu mnakijua kilivyopasuka. Picha ikatoka kama moshi. Kwa hiyo nikatandika manila juu ya mbao na kunakili herufi moja moja kwa brashi, miguu na vipete vyake, kama ninavyonakili nembo ya mteja. Kunakili usichokijua ni nusu ya kazi yangu. Wenye salooni huniletea majina ya Kifaransa kila siku.

Molo hadi Nakuru mjini

Alhamisi tuliteremka na Barasa, sasa lori limeshiba. Tulichelewa kwa sababu magunia mawili yalipasuka njiani na tukaanza kuokota viazi barabarani pamoja na watu ambao hawakuwa wanatuokotea sisi.

Mjini nilianzia msikitini, kwa sababu kila mtu aliyeona manila alisema hicho ni Kiarabu. Ustadhi alikuwa mtu mpole. Alivaa miwani, akaitazama manila, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii si Kiarabu, ndugu yangu. Lakini umeandika vizuri."

Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Dada wa pale akaielekezea simu yake yenye akili, ile inayosoma lugha zote. Simu ilifikiri sana, kisha ikasema ile ni picha ya ua wa mbao. Dada akajaribu mara tatu, na mara ya tatu ikamwonyesha mahali pa kununua nguzo. Alinionea huruma, hakunilipisha.

Nikapita dukani ninakonunua rangi. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kunipunguzia hata shilingi. Nikamuuliza kama ni ya kwao.

"Hapana, Kamau. Kihindi inaning'inia kama nguo kwa kamba. Kigujarati haina kamba. Hii kila mtu amesimama na miguu yake mwenyewe." Akakuna kidevu. "Lakini nimeona hii. Kwa magunia ya maharagwe. Enda kwa watu wa nafaka."

Kwa watu wa nafaka nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya rundo la magunia. Hakungoja nimalize swali. Alinyanyuka, akafunua gunia alilolikalia, na pale ubavuni kulikuwa na herufi zenye miguu, zimepigwa kwa rangi ya buluu.

"Ni Waethiopia. Maharagwe inashuka na Moyale, kwa mpaka. Mimi sisomi, nauza tu. Lakini Gilgil iko mama mmoja wa huko anapikia madereva, nyuma ya magereji. Uliza Almaz."

Nilirudi Rhonda kwa miguu ili nifikiri. Na hapo ndipo jambo likaanza kunisumbua. Ukishajifunza umbo la herufi, jicho haliachi kuziona. Kwenye ukuta wa posho mill iliyofungwa, kile kinu cha unga, mahali ninapopita kila siku, kulikuwa na mstari mmoja wa makaa. Kwenye nguzo ya daraja dogo kulikuwa na mwingine, umefifia. Kisha nikakumbuka ukuta ule wa karibu na steji ya matatu nilioupiga chokaa mwezi uliopita ili niandike tangazo la krusedi ya kanisa. Kulikuwa na mikwaruzo ya makaa pale, nami niliifunika kwa mikono miwili ya rangi bila kuiangalia. Nilisimama mbele ya tangazo langu nikajisikia vibaya, na sikujua kwa nini.

Nakuru hadi Gilgil

Ijumaa niliondoka mapema, lakini lori la mchanga lilikuwa limelala ubavu karibu na Mbaruk na barabara kuu ikasimama kabisa. Tulikaa saa mbili na nusu. Abiria walishuka, wakanunua njugu, wakaanza kubishana siasa, na nilipoona sauti zinapanda nilienda kukaa peke yangu juu ya jiwe. Nilimpigia Mama kumwambia nimekaribia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba stima ilipotea Molo tangu Alhamisi, na hakuna simu ya laini ile iliyokuwa na chaji.

Hoteli ya Almaz haina bango. Nilipita mbele yake mara mbili, mpaka fundi mmoja wa gereji akanisukuma mlangoni. Ni chumba kimoja chenye benchi tatu, harufu ya kahawa inayochomwa, na mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nilimwamkia, nikatandaza manila mezani, nikamwomba anisomee.

Aliitupia jicho, kisha akaangalia viatu vyangu.

"Mimi sijui kusoma."

"Lakini mama, wameniambia wewe ni wa..."

"Wewe ni wa polisi? Ama ni wa imigresheni?"

"Mimi ni wa rangi." Nikamwonyesha kucha zangu. Kucha za mwandishi wa mabango ni kitambulisho tosha.

Akageukia jiko lake. Nikaagiza chakula, maana mtu hafukuzwi akiwa anakula. Aliniletea injera, ule mkate wao mchachu, na mchuzi wa dengu, nikala yote mpaka sinia ikang'aa. Kisha akaleta kahawa kwa kikombe kidogo kisicho na mkono. Nilikuwa na haraka. Nikaimeza kwa mara moja, nikashukuru, nikakunja manila na kusimama ili nikatafute mtu mwingine.

"Kaa," akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Kwetu kahawa ni tatu. Ukikunywa moja ukaenda, umenitukana."

Nikakaa. Wakati wa kikombe cha pili nilimweleza kila kitu: moto, hema, alama za milangoni, magunia yaliyofungwa kwa kamba, na yule bwana wa kesho saa nne. Sikuwa nimepanga kumwambia. Dereva mmoja wa pembeni akajifanya anasoma simu. Nilimwambia pia habari ya ukuta nilioupiga chokaa. Almaz alimimina cha tatu, akakisukuma mbele yangu.

"Mama yako ako na mbwa?"

"Ako naye. Anaitwa Simba."

Almaz akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikamwangalia kama mtu aliyepewa matokeo ya mtihani kwa lugha ya watu wengine.

"Wameandika hivi," akasema, akapitisha kidole chini ya mstari wa kwanza. "'Hapa kuna mama na mbwa. Mbwa ni mkali, mama si mkali.' Halafu: 'Simama mbali, onyesha mkono mtupu.' Halafu hii ya mwisho: 'Atakupa viazi.'"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba aniandikie kwa Kiswahili chini ya manila, akakataa kushika kalamu, akasema nishike mimi.

Kisha akanieleza, akipunguza sauti. Vijana wa kwao hupita wakishuka kusini kutafuta kazi, wengi kwa miguu, bila neno moja la Kiswahili. Anayetangulia humwandikia anayefuata: maji yako wapi, askari wako wapi, wapi usilale. Wengine huandika jina tu, ili ndugu akipita ajue alifika hapo akiwa hai.

"Na ile niliyofunika Rhonda?"

"Sasa nani atajua?" akasema. Hakuwa na ukali. Akaondoa vikombe.

Nilimwomba nimwandikie bango kwa shukrani. Akasema bango ndilo kitu cha mwisho anachotaka.

Gilgil hadi Molo

Magari ya jioni yalikuwa yamejaa watu wa wikendi, kwa hiyo nililala Gilgil na kuondoka alfajiri ya Jumamosi. Mama bado hapatikani, Mzee Kirui hapatikani. Nilifika Nakuru saa moja na nusu, nikapanda gari dogo la Probox la Molo, na tulipopita Njoro gurudumu likapasuka. Dereva hakuwa na jeki. Aliyekuwa na jeki alikuwa harusini. Saa nne ilinikuta nimesimama kando ya shamba la ngano nimekunja manila kwapani, na nitasema ukweli, nililia kidogo. Habari njema ninayo mkononi, na shamba linauzwa.

Nilishuka mwisho wa laini saa tano na robo, nikaanza kukimbia.

Geti la kwanza ni la mjane anayeitwa Chebet. Lilikuwa na maandishi yenye miguu, kwa chaki. Geti la jirani yake, mwalimu, lilikuwa nayo kwa rangi ya buluu. Nyumba ya tatu, ukutani, kwa makaa. Ya nne pia. Nilijua maneno yale yana maana gani, nimeyabeba kwapani kwa Kiswahili, na bado nikasema basi, sasa wametuandika wote.

Ndipo fundi ndani yangu akaamka. Herufi ya tatu ya Chebet ilikuwa imelala chali. Ya mwalimu ilikuwa na mguu wa ziada. Kwenye geti la kijani la Mzee Kirui mistari ilipanda mlima, herufi kubwa kama sahani, kwa lami au oili chafu, na mstari wa mwisho ulikosa nafasi ukakunja kona. Ule ulikuwa mkono wa mkulima wa viazi, tena wa mtu aliyeandika mara ya mwisho akiwa darasa la nne.

Nilimkuta Mzee Kirui jikoni kwa Mama, vidole vyeusi, kikombe mkononi. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa anamenya viazi. Magunia mawili yalikuwa yamefunguliwa.

"Yule bwana?" nikauliza, pumzi haitoshi.

"Alikuja saa nne kamili," Mama akasema. "Akauliza mbona kila geti imeandikwa. Nikamwambia hata mimi nashangaa. Nikatoka kwa barabara nikaona. Nikarudi nikamwambia akunywe chai aende, hapa hakuna kitu ya kuuza."

Nilimgeukia Mzee Kirui. Alijikohoza.

"Ni mimi. Jana nilikuja na karatasi ya sukari, nikachora kutoka kwa hiyo stoo, nikazunguka kwa majirani, kila mtu akaandika na kile ako nacho. Mama Kamau alisema ingekuwa ya kila mtu, angesema ni wazimu." Akainua mabega. "Basi, iwe wazimu."

"Na kama ingekuwa ni alama ya kuchomewa?"

"Ndio maana kwangu niliandika kubwa."

Nilikaa chini. Nikafungua manila nikawasomea, polepole, mbwa, mama, mkono mtupu, viazi. Kisha Mama akaacha kisu.

"Wale vijana wanne! Walikuja wiki mbili zimepita, wamenyamaza kama kanisa. Nilidhani ni watu wa kupakia lori wametoka Turkana. Niliwapa viazi, si ndio hupatia kila mtu. Na huko nyuma ya stoo siendi kila siku."

"Lakini mimi sina mbwa," Mzee Kirui akasema.

"Na hapo kwa 'mama si mkali'," mke wake akauliza kutoka mlangoni, "uliniuliza?"

Tulicheka mpaka Simba akaanza kubweka. Kicheko kilipoisha nilitoa brashi, nikamwambia Mzee nitamfutia geti lake bure, na ya majirani pia, kwa sababu sasa maandishi hayana kazi na mengine yameandikwa vibaya mpaka yanaweza kumpotosha mtu.

"Wacha," akasema.

Aliweka kikombe chini. Alizungumza akiangalia meko.

"Ule mwaka nilisikia mama yako akiita. Aliniita na jina. Nilifunga geti na kufuli, nikazima taa, nikaambia watoto walale. Asubuhi ndio nikaleta blanketi. Hakuna siku nimemwambia hii maneno."

Mama aliokota kisu akaendelea kumenya.

"Nilijua, Kirui. Niliona taa ikizima," akasema. Kisha, baada ya kumaliza kiazi alichoshika: "Kunywa chai, itapoa."

Mzee aliinywa yote.

Molo hadi Rhonda

Jumapili nilirudisha picha ukutani, na Jumatatu jioni nikateremka na Barasa, aliyenilaumu kwa kumkosesha mambo hayo yote. Kabla ya kuondoka nilisahihisha herufi za Mzee Kirui, kwa sababu alisema kama itakaa basi ikae ikisomeka. Nilimpigia rangi nyeusi ya mafuta, mistari imenyooka, miguu yote mahali pake. Hapa Rhonda nimeacha mstari wa posho mill kama ulivyo, na nikipewa ukuta sasa huuangalia kwanza.

Juzi Mama alipiga simu, akaacha ikalia. Alisema asubuhi walipita vijana wawili, mmoja anachechemea. Hawakuja kwake. Walisimama ng'ambo ya njia mbele ya geti la kijani, mbali kidogo, wakichungulia mbwa ambaye hayuko, na kila mmoja ameinua mkono mtupu. Mke wa Mzee Kirui alikuwa tayari amebandika viazi mekoni. Mzee alitoka mwenyewe, bila kofia, akatoa kufuli, akafungua geti.